Besi wa Silanga na Baba Mkwe Wangu

Mimi ni mwoga. Sisemi hivyo ili watu wanipinge, ndivyo nilivyoumbwa. Nikiwa msichana niliogopa fahali wa jirani, niliogopa radi, ambazo kwetu Kisii hazina mchezo, niliogopa hata mwalimu wa hesabu ambaye hakuwahi kunigusa kwa fimbo. Zaidi ya vyote niliogopa maji yasiyoonyesha chini yake. Nilikulia mlimani karibu na Ogembo, na maji yetu yalikuwa ya chemchemi: unayaona mpaka kokoto, unachota, unajitwika, unaondoka. Mto ulikuwepo bondeni, lakini mama alituambia kwamba una wenyewe, nasi tulimwamini.

Halafu nikaolewa, nikapelekwa kuishi kando ya silanga.

Silanga ndivyo tulivyoliita bwawa la kuchimbwa. Hili lilichimbwa na mzungu aliyekuwa na shamba upande wa Borabu, mpakani na Sotik, kabla ya Uhuru. Serikali ilipoyakata mashamba ya wazungu na kuyagawa kwa watu wetu, baba mkwe wangu alipata kipande kilichoshuka mpaka ukingoni mwa maji. Mzungu alikwenda zake na ng'ombe wake, mbwa wake na masanduku yake. Samaki hakuweza kuwafunga kamba, akawaacha. Walikuwa samaki wa starehe, walioletwa kutoka ng'ambo ili watu wenye nafasi wawavue kwa ndoana siku ya mapumziko na kujisifu. Jina lao ni besi. Rangi yao ni ya kijani iliyofifia, wana mstari mweusi ubavuni, na mdomo mpana ambao mtu akiutazama vizuri hupata la kuwaza usiku. Hata mwanzoni mwa miaka ya sabini, wazungu wa mashamba ya chai ya Kericho walikuwa bado wanakuja na fimbo zao kuwavua.

Mume wangu alikuwa karani huko huko Kericho, akirudi mwisho wa mwezi. Mimi nilibaki na wakwe, na yale maji.

Ndipo alipokuja mtafiti. Nilitegemea mzungu, akashuka kwenye gari mtu mwembamba wa pwani, Mwislamu, mwenye Kiswahili kilichotufanya wote tuone haya kufungua midomo. Chuo kilimtuma achunguze tabia za besi kwenye maji ya kina kifupi: wanatagia wapi, nani analinda mayai, na inakuwaje mlinzi akivuliwa. Alitafuta mtu anayejua kuandika na anayeweza kukaa kimya muda mrefu bila kujitikisa. Mimi nilikuwa nimefika kidato cha pili. Na kuhusu kutojitikisa, mwoga hafundishwi. Kivuli kikipita, besi wanakimbia. Mtu akikanyaga kwa kishindo ukingoni, wanakimbia. Mimi nilikuwa nakanyaga ardhi kana kwamba imelala na sitaki kuiamsha.

"Hiyo samaki inauma?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Samaki huyu haumi, bibie," akajibu, akicheka. "Anagonga tu."

Sikuona tofauti.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu. Kuna kitu tunakiita ensoni. Kiswahili kingesema haya, au heshima, lakini ni zaidi ya hapo. Mke wa mwana, yaani mokamwana, hamshiki mkono baba mkwe wake. Hakai karibu naye, hamtazami usoni kwa muda, hapiti mbele yake na nguo zimepanda. Naye baba mkwe kwa upande wake anamkwepa vivyo hivyo. Kama kuna neno la kusemwa, mama mkwe analibeba. Na kumwona baba mkwe utupu wake, hata kwa bahati mbaya, ni jambo ambalo wazee huteremsha sauti wakilitaja. Hapo huwa pamevunjika kitu ambacho sabuni haitoi. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato na hakuwa mtu wa matambiko, lakini ensoni hakuiacha nje ya mlango wa kanisa.

Kazi yangu ilinitaka niingie majini mpaka magotini, sketi nimeifunga juu. Mbele ya mwanamume wa mbali! Mama mkwe alikuja na ujumbe: mzee amekubali mokamwana afanye kazi ya serikali, lakini hataachwa peke yake na mtu huyo. Mzee mwenyewe atakuja kulinda. Na kwa kuwa yeye ndiye hasa asiyeruhusiwa kuniona magoti, alikuja akaketi juu ya ukuta wa bwawa, kwenye kabuti lake la zamani la askari, akatupa mgongo. Akakaa hivyo kutwa nzima, na kesho yake, na siku zilizofuata. Sidhani kama dunia imewahi kuwa na askari mwingine aliyelinda namna hiyo.

Siku ya kwanza niliposita ukingoni, mtafiti aliniambia, "Bibie, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Kule ukutani mgongo ulinyooka. Kiswahili cha baba mkwe kilikuwa cha sokoni na cha baraza la chifu, lakini maneno ya kuvua nguo aliyaelewa barabara. Alikohoa mpaka bata wakaruka. Jioni ilibidi nimweleze mama mkwe kwamba ile ni methali, na majibu yakarudi kabla ugali haujaiva: "Mwambie hiyo methali aiache kwao."

Nilijifunza samaki kwa miguu yangu. Chini ya ukingo wetu mzungu alikuwa amemwaga changarawe, labda kwa ajili ya mashua, ikafanya kama ngazi ndefu chini ya maji, upana wa kitanda na nusu, ikizunguka mpaka karibu na kona ya ukuta. Juu ya ngazi hiyo maji yalifika magotini, mahali pengine kiunoni, na upande wa kona kifuani. Ukivuka ukingo wake, basi. Mtafiti aliwahi kuuzamisha pale mwanzi wetu wa kupimia kina, ukaenda wote na mkono wake mpaka begani.

"Hapa ukikosea hatua tutakutafuta kwa ndoana," alisema. Kwake ilikuwa mzaha. Mimi nilikaa siku nyingi nikiiona ile ndoana.

Kwenye changarawe hiyo ndiko madume walikochimba viota. Dume hufagia kokoto kwa mkia mpaka apate shimo la duara, kama karai. Jike huja, hutaga, huondoka. Dume hubaki. Anapepea mayai kwa mapezi yasipate matope, hali kitu, anakonda, na chochote kinachosogea anakivamia: samaki aitwaye ngege anayetaka kula mayai, kijiti, kivuli cha ndege, mguu wangu. Alinigonga mara ya kwanza kwenye muundi nikapiga yowe lililosikika, nadhani, mpaka sokoni Keroka. Hakukuwa na damu. Lakini nilitetemeka mpaka mchana, na baadaye nilipozoea kidogo, kila kukicha nilianza kutetemeka upya.

Baba mkwe alisikia habari hizi zote mgongo wake ukiwa kwetu, kisha usiku maswali yakaja kupitia jikoni.

"Mzee anauliza, na mama wa hao watoto ameenda wapi?"

"Amekwenda zake, mama."

Mama mkwe alitoka, akarudi. "Anauliza, hatarudi?"

"Harudi. Baba ndiye analinda."

Alikaa kule muda mrefu zaidi safari hii. Aliporudi alikuwa anacheka chini chini. "Mzee amesema huyo baba ni mtu."

Nakiri nilimpenda mzee kwa neno hilo, ingawa sikuwa na njia ya kumwambia.

Kila Ijumaa mtafiti aliendesha gari kwenda mjini Kisii kusali, nami nikabaki na zamu peke yangu. Siku hizo baba mkwe hakuwa na mwanamume wa kunilinda naye, lakini alikuja. Mvua ndefu zilikuwa zimeanza. Kila alasiri mawingu yalijaa magharibi, upande wa ziwa kubwa, na kwetu vilimani mawingu ya namna hiyo huja na radi na mvua ya mawe. Nilikuwa nayatazama kuanzia asubuhi yakiwa bado hayapo.

Ijumaa ninayoisimulia yalikuja mapema. Nilikuwa majini nikimwangalia dume mmoja mkali aliyejenga ukingoni kabisa mwa changarawe, upande wa kona, pale ambapo mwenye akili asingejenga. Jiwe la kwanza la barafu liliniangukia begani. Nilitoka mbio nikaingia kwenye hema la mtafiti, karibu na maji. Lilikuwa hema la mtu mmoja na vikorokoro vyake.

Baba mkwe alisimama ukutani, kabuti limefunika kichwa, akaligeukia hema. Nilijua anawaza nini, kwa sababu nami nilikuwa nawaza hilo hilo. Mtu na mke wa mwanawe hawawezi kukaa chini ya turubai moja magoti yakigusana, hata mbingu ikianguka, na kweli ilikuwa inaanguka. Nikaanza kutoka nimwachie. Akanipungia mkono kwa ukali nirudi ndani, uso ameutupa pembeni, akaanza kutembea juu ya ukuta kuelekea kibanda cha pampu cha mzungu kule upande wa pili.

Ukuta ulikuwa wa udongo mwekundu, umelainishwa na mvua za siku nyingi, na sasa ulikuwa mweupe kwa barafu. Nilimwona akifika kwenye kona. Radi ikapiga karibu mno, nikafumba macho kama kawaida yangu. Nilipofumbua, ukuta ulikuwa mtupu.

Nilikimbia. Alikuwa chini yangu, maji kidevuni, ameng'ang'ania fungu la nyasi lililokuwa linachomoka mizizi. Nililala kifudifudi nikanyoosha mkono. Udongo ukamomonyoka chini ya kifua changu ukamwangukia usoni.

"Usinishike!" alisema. Ndiyo mara ya kwanza aliniambia neno moja kwa moja, kwa Ekegusii, lugha yetu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemfukuza mbwa. "Viatu vimejaa maji, vimeivuta suruali, vyote vimezama. Usinitazame, mokamwana. Kaite wanaume."

Wanaume! Wanaume walikuwa Keroka, wakinunua mahitaji kabla Sabato haijaingia. Niliita hata hivyo, niliita mpaka koo likauma, na mvua ya mawe ikaimeza sauti yangu yote. Nilimwangalia mara moja tu, kichwa chake peke yake, nywele zake za mvi zimelala. Midomo ilikuwa inageuka rangi. Nikajua kwamba nikienda kutafuta wanaume nitarudi nao kumtafuta kwa ndoana.

Nimesikia watu wakisema kwamba penye hatari woga hutoroka. Wangu haukutoroka. Uliingia majini pamoja nami.

Nilirudi ukingoni nikauchukua mwanzi, nikapita juu ya changarawe, magoti, kiuno, kifua, mpaka nilipohisi kwa vidole vya miguu kwamba mbele hakuna kitu. Kutoka pale mpaka alipokuwa ulikuwa urefu wa mwanzi tu. Meno yangu yaligongana kwa nguvu hata ikawa vigumu kusema.

"Tata," nikamwita, yaani baba, "nimefumba macho. Shika mwanzi."

"Umefumba?"

"Nimefumba."

"Kweli?"

"Kweli, tata."

Ndipo nikausikia uzito wake. Mtu yule alikuwa radhi azame kuliko kuonekana, akangoja mpaka nimpe neno langu mara mbili.

Nilianza kurudi kinyumenyume. Kumpa mgongo sikuweza. Mwanzi ulikuwa unateleza, ulitaka mikono yote miwili na kifua. Kwa hiyo nilikwenda hivyo, kipofu kwa hiari, barafu ikinipiga kichwani, nikipapasa kwa visigino. Hatua za kwanza nilijua nilipo. Halafu radi nyingine ikapiga, nikayumba, nikageuka kidogo, na nilipotaka kuendelea sikujua tena ukingo uko wapi na shimo liko wapi. Changarawe ilikuwa chini yangu, lakini ilikuwa imebaki hatua ngapi, na upande gani? Kufumbua macho kungetosha. Kope zilinitetemeka. Upande wa pili wa mwanzi alikuwa anahema kama mtu anayepasua kuni.

Nilisogeza mguu wa kushoto. Kitu kikanigonga kwenye muundi.

Nilipiga kelele, sikatai. Kisha nikaelewa. Ni yule dume mkali wa ukingoni, na kama yeye yuko kushoto, basi shimo liko nyuma yake. Nikautoa mguu, nikaenda kulia. Nikasogea. Kisigino kikaingia kwenye karai la kokoto na mwingine akanigonga, safari hii kwa nyuma, juu ya kifundo. Huyo nilimfahamu pia. Alikuwa anakaa usawa wa jiwe moja jeupe, pale maji yalipofika kiunoni. Nikamwomba msamaha kwa kumkanyagia watoto, nikaendelea. Maji yakashuka mapajani. Jambo hili mtafiti hakuambiwa kamwe, ingawa lingempendeza: kwamba wakati wa mvua ya mawe, maji yamevurugika, madume wale hawakuondoka kwenye mayai yao. Ningeanzaje kumweleza nilikuwa nafanya nini pale?

Karibu na ukingo mwanzi ukawa mwepesi ghafla. Mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, ameuachia. Nilisikia anavyozama, maji ya magotini tu, lakini mtu mwenye kabuti lililolowa anaweza kufia kwenye karai. Nikajitupa mbele, macho bado nimefumba, nikapapasa, nikashika mkono wa kabuti. Ndani yake kulikuwa na mkono. Nilijua ninachokishika. Nikakishika zaidi, nikavuta mpaka nikaanguka kwa matako kwenye majani, naye akafuata kama gunia.

Nikamwachia. Nikageuka, nikampa mgongo, nikainamisha uso magotini.

Nyuma yangu kukawa kimya. Mvua ya mawe ilikuwa imegeuka kuwa mvua ya kawaida na sasa ningeweza kusikia. Sikusikia kitu.

"Tata?"

Hakujibu.

Nimeogopa mengi maishani, lakini hofu ile sijaiona tena. Kama yu hai, siruhusiwi kutazama. Kama amekufa, kutazama hakutamdhuru, lakini nitajuaje amekufa bila kutazama? Na kama bado yuko katikati, anahitaji kulazwa kwa ubavu, kukamuliwa maji, kufunikwa, nami nimekaa pale nimejikunyata kwa adabu huku baba wa watu anakata roho nyuma ya mgongo wangu. Nilimwona mume wangu akiuliza. Niliwaona wazee wakiuliza, kwanza kwa nini nilimshika, na pili kwa nini nilimwacha. Niliomba. Nilianza kuhesabu nikasahau namba. Nikasema, sasa basi, nageuka, Mungu na wazee wanisamehe wote kwa pamoja, nikaweka kiganja chini ili nijisukume.

"Usifumbue."

Sauti ilikuwa ndogo, yenye matope. Kisha kikohozi, maji, kikohozi tena. "Bado. Usifumbue bado."

Nililia hapo hapo, kwa sauti, bila haya yoyote. Sijawahi kukatazwa jambo likanifurahisha hivyo. Nilimsikia akihangaika na kabuti, akilikamua, akijifunga nalo kiunoni, akivinung'unikia vifungo. Alichukua muda wake, nami nilimwombea achukue zaidi. Alipomaliza alipita upande wangu kwa mbali, nyayo zake zikisikika kwenye majani yaliyolowa, akapanda kuelekea nyumbani. Nilingoja mpaka zisisikike ndipo nikafumbua macho.

Nilipofika alikuwa amekwisha kukaa karibu na moto nyumbani kwake, amefunikwa blanketi, na mama mkwe alikuja jikoni kwangu kunipa habari. Mzee ameteleza ukutani, alisema. Mungu ni mwema, ulikuwepo ule mwanzi wa mtafiti majini, akaushika, akatoka.

Nilikuwa nimesimama mbele yake, maji yananidondoka kuanzia kifuani, matope mpaka kwenye nywele, miundi imevimba. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, polepole. Kisha akaniwekea maji ya moto kwenye karai, akavua kitenge chake cha juu akanifunga mabegani, akatoka. Hakuuliza ncha ya pili ya mwanzi ilikuwa mikononi mwa nani.